Watu na Mifupa ya Rusinga

Wanangu, kuna kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria ambacho nataka mkijue vizuri kabla hamjaanza kukariri majina ya visiwa vya bahari za mbali. Kinaitwa Rusinga. Wengi wenu mmesikia jina hilo mara moja tu, siku mwalimu wa historia alipomtaja Tom Mboya, kisha kengele ikalia na habari ikaishia hapo. Mimi nitawapeleka hadi kisiwani, maana huko Mboya ana majirani wa ajabu, na mmoja wao amelala ardhini miaka milioni 18.

Safari tunaianzia Kisumu. Ukipanda matatu, unapita Ahero penye mashamba ya mpunga, unafika Katito, kisha barabara inaanza kufuatana na ziwa. Kaa dirisha la kulia. Utapita Kendu Bay, na hapo jirani ni Kanyadhiang, chimbuko la ukoo wa Barack Obama mkubwa, baba wa rais wa 44 wa Marekani. Utapita mji wa Homa Bay na kilima chake cha Asego kilichochongoka. Nchi kavu inaishia Mbita. Wanaotoka upande wa Bondo huteremka hadi Luanda Kotieno wakapanda feri inayokatiza mdomo wa Ghuba ya Winam, na wao pia hushukia Mbita. Kutoka hapo, kisiwa kiko mbele yako, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa maji.

Mkondo huo una kisa chake. Zamani watu waliuvuka kwa mtumbwi. Katika miaka ya 1980 serikali ikajaza mawe na udongo, likawa tuta la kupitisha magari. Watu walifurahi, kwa kuwa mgonjwa sasa aliweza kufikishwa hospitali usiku. Lakini tuta halikuacha njia ya maji. Maji ya ghuba yaliyozoea kupita hapo yakazuiwa, yakatuama, magugu maji yakapata makao, na wavuvi wakalalamika kwamba samaki nao wamefungiwa njia. Ilichukua miaka mingi kabla ya kujengwa daraja la kweli, ambalo gari hupita juu na maji hupita chini. Mkivuka leo, angalieni chini mwone maji yanavyokwenda. Wavuvi walisema tangu mwanzo, na wavuvi walikuwa na haki.

Rusinga yenyewe si kubwa. Urefu wake ni kama kilomita 16, na palipo pana zaidi hapazidi kilomita 5. Katikati kuna kilima cha Ligogo, na pembeni kuna vijiji na fuo: Kaswanga, Kamasengre, Waware, Wanyama, Litare, Kolunga. Watu huvua omena usiku kwa taa, wakati mwezi haupo, na asubuhi kina mama huianika juu ya nyavu zilizotandazwa ufukweni. Wapo pia wavuvi wa mbuta na ngege. Mashamba ni ya mahindi, mtama na mihogo, ila udongo umechoka na miti imepungua, hivyo mvua ikinyesha huchimba makorongo kwenye miteremko.

Makorongo hayo ni hasara kwa mkulima. Lakini ndiyo yaliyofungua mlango wa hadithi yangu ya kwanza.

Tazameni kusini ya Mbita muone milima ya Gembe na, mbele zaidi, Gwassi. Hayo ni mabaki ya volkano kubwa iliyoitwa na wataalamu Kisingiri. Karibu miaka milioni 18 iliyopita volkano hiyo ilikuwa hai, ikimwaga majivu juu ya nchi yote ya jirani. Ziwa Victoria halikuwapo. Msishangae: ziwa letu ni changa sana, umri wake ni kama miaka 400,000 tu. Mahali ambapo leo mnaona kisiwa palikuwa miteremko ya volkano, penye mito na msitu.

Kwa kawaida mnyama akifa msituni, mifupa yake huoza upesi na kuisha. Majivu ya Kisingiri yalikuwa ya namna nyingine. Yalijaa madini ya jamii ya chokaa, kama yale yanayotoka hadi leo katika mlima Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, na madini hayo yaliihifadhi mifupa badala ya kuiacha ioze. Si mifupa tu. Rusinga kumepatikana visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, vya matunda, mbegu, wadudu, hata viwavi. Hebu fikirini kiwavi, ambaye ukimbonyeza kwa kidole hakuna kinachobaki, amekaa katika jiwe miaka milioni 18 na bado anatambulika kuwa ni kiwavi!

Watafiti walianza kuja zamani. Mmoja wao alikuwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, pamoja na mkewe Mary. Tarehe 2 Oktoba 1948 Louis alikuwa ameinama akichimba mabaki ya mamba wa kale. Mary hakuvutiwa kabisa na mamba. Akamwacha mumewe na mamba wake, akaenda zake kutembea kwenye mteremko jirani huku macho yakiwa chini. Akaona vipande vya mfupa. Akainua macho kidogo, akaona jino limechomoza kwenye mteremko. Akamwita Louis, naye akaja mbio.

Lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe, pamoja na uso wake na taya. Lilikuwa limevunjika vipande vingi, na Mary aliviunganisha kimoja kimoja kwa subira ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi awe nayo. Baadaye mwezi huohuo alipanda ndege kwenda Uingereza akiwa amepakata fuvu hilo, akampelekea Profesa Wilfrid Le Gros Clark huko Oxford alichunguze. Waandishi wa habari walimsubiri uwanjani. Kisiwa ambacho wengi hawakuwahi kukisikia kikaingia magazetini.

Kiumbe huyo aliitwa Proconsul. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1933 kwa mifupa iliyopatikana Koru, katika Kaunti ya Kisumu ya leo, na lilitokana na Consul, sokwe aliyekuwa akichezeshwa mbele ya watu London. Yule wa Rusinga alikuwa mdogo, uzito wake kama kilo 10. Alitembea juu ya matawi kwa miguu yote minne kama tumbili, lakini hakuwa na mkia, na kukosa mkia ni dalili moja ya jamii ya sokwe, ambayo na sisi binadamu tumo ndani yake. Mwaka 2015 wataalamu waliona anastahili jina la peke yake, wakamwita Ekembo, neno la Kisuba, lugha ya wenyeji. Jina lake kamili ni Ekembo heseloni.

Hapa nataka tutue kidogo, kwa sababu jina hilo la pili ni la mtu. Heselon Mukiri alikuwa Mkenya aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi, akawa msaidizi wake mkuu katika kutafuta visukuku. Watu kama yeye ndio waliopanda miteremko juani, wakapiga magoti, wakachekecha udongo, wakatofautisha mfupa na jiwe kwa kuangalia tu. Vitabu vingi vya wakati ule vilimtaja mzungu aliyeongoza safari na kuwaita wengine wote "wafanyakazi". Mukiri alipata haki yake mwaka 1993, jina lake lilipopewa kiumbe yule, na sasa kila mwanafunzi duniani anayesoma chimbuko la sokwe lazima alitamke. Kwa maoni yangu, hiyo ni heshima kubwa kuliko sanamu, na ilichelewa.

Kazi haikuishia kwa Leakey. Mahali paitwapo Gumba palikutwa mwamba wenye umbo la mviringo uliojaa mifupa. Kwanza ulidhaniwa kuwa shimo la mtoni. Baadaye ikajulikana kwamba lilikuwa shina la mti mkubwa lenye uwazi ndani, ambamo huenda mnyama mwindaji alikuwa akiburuta mawindo yake, kisha majivu yakalijaza lote. Baadhi ya mifupa iliyotolewa hapo ilikaa kwenye droo za makumbusho zaidi ya miaka 20 kabla ya mtu kuitambua kuwa ni ya Ekembo. Kule Kaswanga, miaka ya 1980, yalipatikana mabaki ya Ekembo tisa mahali pamoja, wakubwa kwa wadogo. Na mwaka 2014 watafiti walieleza kuhusu visiki vya miti na mizizi iliyogeuka jiwe kisiwani, ushahidi kwamba viumbe hao waliishi katika msitu mnene.

Kuna mnyama mwingine wa Rusinga ambaye watoto humpenda kuliko Ekembo. Anaitwa Rusingoryx. Huyu ni wa juzi tu ukimlinganisha, maelfu ya miaka badala ya mamilioni, wakati ambapo eneo hili lilikuwa mbuga ya nyasi na Rusinga ilikuwa kilima kilichoungana na bara. Alikuwa na undugu na nyumbu. Ila juu ya pua yake kulikuwa na nundu ya mfupa yenye uwazi ndani. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba nundu hiyo inafanana na ya dinosaria fulani walioishi mamilioni ya miaka kabla yake, wasio na undugu naye hata kidogo, na kwamba huenda aliitumia kutoa sauti nzito ya kuwaita wenzake mbali. Nyumbu mwenye tarumbeta puani, na aliishi hapa kwetu. Pamoja na mifupa yake zilipatikana zana za mawe. Basi binadamu walimfahamu, na walimla.

Sasa tuwasogelee watu wenyewe wa kisiwa.

Wenyeji wa Rusinga ni Abasuba. Wazee wao husimulia kwamba mababu walitoka Buganda kwa mitumbwi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, wakikimbia ugomvi na umwagaji damu uliozuka juu ya kiti cha Kabaka. Walipiga makasia kufuata ufuo na visiwa, wengine wakatua Mfangano, wengine Rusinga, wengine Gwassi na Kaksingri. Lugha yao ni ya Kibantu, jamaa ya Kiganda na Kisoga. Kisha wakakaa jirani na Waluo, wakaoana, wakauziana samaki na nafaka, na shule na kanisa zikaja na Dholuo. Kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba, Dholuo ikachukua nafasi. Leo watoto wengi wa Rusinga huzungumza Dholuo, na UNESCO imekiweka Kisuba kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini. Kule Mfangano kumeanzishwa makumbusho ya jamii ya Abasuba na redio ya vijana inayotangaza kwa Kisuba. Juhudi hizo nazithamini sana, kwa sababu lugha haiwezi kuchimbuliwa udongoni ikishakufa. Kile Kisuba ambacho bibi hakukisema mbele ya mtu hakiachi mfupa.

Mtoto mashuhuri kuliko wote wa kisiwa hiki hakuzaliwa hapa. Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Wazazi wote wawili walikuwa watu wa Rusinga. Mtoto akalelewa miongoni mwa vibarua wa kila kabila, na ndiyo maana alikua akizungumza Kiswahili, Kikamba, Kikikuyu na Dholuo, faida ambayo siasa ya Kenya iliihitaji mno.

Alianza masomo Kabaa, Ukambani, ambako watoto walijifunza kuandika kwa kidole mchangani. Akaja Yala, upande wetu huu wa Nyanza, kisha akaenda Mang'u. Alikuwa na akili ya kuendelea hadi chuo kikuu, lakini baba hakuwa na karo. Wadogo zake nao walihitaji kusoma. Basi akachukua mafunzo ya ukaguzi wa afya Kabete, maana huko mwanafunzi alilipwa posho, naye aliweza kutuma kitu nyumbani. Likumbukeni hilo la karo. Tutalirudia.

Akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja akiwa peke yake maabara, mwanamke wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya, aliyekuwa amesimama mbele yake, akamuuliza kama macho yake yana tatizo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katika mji ambao Mwafrika aliweza kupoteza kazi kwa jibu kama hilo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1953, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, mwenyeji akiwa Kwame Nkrumah.

Wengine watawaambia hayo ndiyo makuu yake, pamoja na kazi yake ya uwaziri baada ya uhuru. Mimi nasema kubwa kuliko yote ni ndege za wanafunzi. Wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili, na nafasi za Uingereza zilikuwa chache. Mboya akaenda Marekani, akazunguka vyuoni akiomba nafasi za masomo kwa vijana wa kwao. Vyuo vilikubali kuwasomesha, lakini nauli ilikuwa mlima. Akasaidiwa na Wamarekani weusi mashuhuri: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata akamwendea Seneta John F. Kennedy, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800. Huku nyumbani vijiji vilifanya harambee, watu wakauza kuku na ng'ombe ili mtoto wao apate fedha ya matumizi. Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, ambaye tulikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004.

Mtu aliyekosa karo akawasomesha mamia ya wenzake, bila kuuliza kabila la yeyote.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, lakini swali la nani alimtuma halijajibiwa hadi leo. Mwili ukarudishwa kwao Rusinga, umati ukiwa umejipanga njiani. Kaburi lake liko Kaswanga, ndani ya jengo lililojengwa kwa umbo la risasi. Mkiingia mtaona picha zake na vitu alivyovitumia. Mkewe, Pamela Odede, ambaye naye alisoma Marekani, alifariki mwaka 2009 akazikwa huko kisiwani.

Nina kisa kimoja zaidi, na wahusika wake bado wanaishi. Malaria imewatesa watu wa fuo hizi tangu zamani. Pale Mbita kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wetu Thomas Odhiambo. Kati ya mwaka 2012 na 2015 watafiti wa icipe na wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walifanya jambo ambalo halikuwa limejaribiwa hivyo popote: waliweka mitego ya mbu katika nyumba za kisiwa kizima, zaidi ya 4,000. Mtego una feni ndogo na chambo chenye harufu inayofanana na ya mwili wa binadamu. Mbu anadhani amempata mtu, anasogea, feni inamvuta ndani. Feni inahitaji umeme, na nyumba nyingi hazikuwa nao. Basi kila nyumba ikapata paneli ya sola, iliyoendesha mtego na kuwasha taa. Watoto wakasoma usiku bila koroboi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Aina moja ya mbu waenezao malaria ilipungua kwa karibu asilimia 70, na malaria ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zenye mitego. Hayo yaliwezekana kwa sababu maelfu ya familia zilikubali kufungua milango, kupimwa damu mara kwa mara na kuutunza mtego. Majina yao hayatawekwa kwenye sanamu. Ila daktari wa nchi nyingine yeyote anayetaka kujaribu njia hiyo, lazima aanze kwa kusoma walichofanya watu wa Rusinga.

Basi nina ombi moja kwenu. Kila msimu wa mvua makorongo ya Rusinga, na ya Mfangano, Koru, Karungu na kwingineko, hufungua mifupa mipya. Mfupa ukiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu mtaalamu hataweza tena kujua ulitoka katika tabaka gani la udongo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuuondoa bila kibali. Ukiona jiwe lenye umbo la mfupa au jino, liache hapohapo, piga picha, weka alama karibu yake, kisha mwambie mwalimu wako awasiliane na Makumbusho ya Taifa. Na usisahau kutaja jina lako.